Sauti Isemayo Usizime

Mtu wa kwanza niliyemwona akiifokea kompyuta, na kompyuta ikanyamaza, alikuwa Madamu. Mtaa mzima wa Buyenzi ulimwita hivyo. Waliotaka kumtofautisha na madamu wengine wa shule walisema Madamu wa Daktilo, kwa sababu kabla kompyuta hazijaenea mjini alifundisha watu kuchapa kwa taipureta, na kazi hiyo kwetu Bujumbura tunaiita daktilo. Jina lake la kitambulisho nalijua, maana kitambulisho chenyewe nilikitolea fotokopi kwa mkono wangu, lakini nikiliandika hapa hata majirani zake watauliza huyo ni nani.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, nikitembea kwa miguu kutoka kwetu Kinama kila asubuhi. Miaka miwili nilikuwa mwanafunzi wake, minne nikawa mfanyakazi wake. Leo nina meza yangu ya kutengeneza kompyuta katikati ya mji, na wateja wanaoniamini kuliko ninavyostahili. Ninaandika habari zake kwa sababu mwaka huu aliniuliza swali moja kuhusu binti yake wa pekee, aliyeondoka miaka saba iliyopita kwenda kufanya kazi nchi ya mbali, na ambaye hadi leo Madamu hajui kama yu hai. Nilimjibu. Tangu nilipomjibu silali vizuri, na mimi si mtu wa kukosa usingizi.

Chumba chake kilikuwa kwenye barabara ya mafundi magari, kati ya mchomeleaji na muuza vipuri. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu, mashine ya fotokopi, benchi la wateja, na taipureta moja nzito ya chuma aliyoipaka mafuta kila Ijumaa ingawa hakuna aliyeichapia tena. Nje nyundo zilipigwa kutwa nzima. Madamu alisema kelele hizo ni sehemu ya masomo, kwamba mchapaji asiyeweza kusikia sauti moja na kuzikataa nyingine bado hajawa mchapaji. Mikono yetu aliifunika kwa kanga ili tusizitazame herufi. Kucha alizikagua. Ukikaa umepinda mgongo alikugusa kwa rula katikati ya mabega, taratibu tu, na aibu yake ilikuuma siku nzima.

Nje ya masomo hakuwa na ukali wowote. Sijaona mtu mwenye adabu kama ile. Mteja aliyekuja kutoa fotokopi ya karatasi moja aliulizwa habari za usiku, za nyumbani, za mama, za watoto mmoja mmoja, za mgonjwa wa mwaka jana, na fotokopi ilikuja baadaye kama zawadi. Alisalimia Waislamu wenzake kwa salamu zao na Wakristo kwa Kirundi kizuri, na mtu akiwa anazungumza hakumkatiza hata kama moto umeshika pazia. Mimi mwenye hasira za karibu nilikuwa napiga meza kwa vidole nikingoja salamu ziishe, naye ananitazama kwa jicho moja.

Lakini ile sauti hakuisalimia.

Nadhani kila mwenye kompyuta mjini kwetu ameshaisikia. Umekaa unatafuta mechi ya mpira au filamu ya bure, unabonyeza mahali, mara kioo chote kinageuka chekundu au buluu. King'ora kinalia. Halafu mwanamke anaanza kusema kwa Kifaransa, kwa upole wa kutisha, kama muuguzi anayekwambia ulale chini. Anasema kompyuta yako imefungwa. Anasema picha zako na siri zako zinaibwa sasa hivi. Anasema usizime, ukizima utapoteza kila kitu. Anataja namba ya simu ya mafundi, anairudia polepole ili uiandike, kisha anaanza tena mwanzo. Ukifunga dirisha lake, linafunguka jingine palepale. Kipanya hakisikii. Na unapolihamisha jicho pembeni, bado yeye yuko chumbani na wewe.

Buyenzi walisema ni jini. Kinama kwetu walisema ni shetani, ambayo ni tofauti ndogo. Madamu aliyakataa yote mawili, tena kwa ubishi.

"Majini hayana namba ya simu," aliwaambia wateja. "Hii iko watu. Watu wenye wanaamuka asubui, wanavaa shati, wanaenda ku kazi."

Sijui kwa nini jibu hilo lilinitisha zaidi ya jini. Labda kwa sababu ya lile shati.

Hata hivyo, kabla ya kuigusa mashine yenye sauti hiyo alisema audhubillahi kwa sauti ya chini, na akakifunika kioo kwa kanga. Nilipomuuliza kwa nini afunike kitu ambacho si jini, alinieleza kwamba dirisha lile halina nguvu yoyote ndani ya mashine. Ni picha tu na sauti, ukurasa wa mtandao kama kurasa nyingine, umejitanua ukajaza kioo. Nguvu yake yote iko kwenye macho ya anayelisoma. Ukilifunika, mwenye mashine anaacha kutetemeka, na mtu asiyetetemeka hapigi simu. Kwa hiyo alifunika kwanza. Kisha aliingiza mikono kwenye kibodi bila kuangalia, kama alivyotufundisha, akakishikilia kitufe cha kutoroka, kile cha Esc, mpaka dirisha lipungue, akabonyeza vile vitatu kwa pamoja vinavyoleta orodha ya programu zinazofanya kazi, akainua pembe ya kanga kidogo kama anayechungulia sufuria, akaichagua programu ya mtandao, akaikatisha. Sauti ilikatika katikati ya neno. Kama mashine ilikataa hata hapo, alikibana kitufe cha kuwashia akihesabu kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, mpaka kumi, na mashine ikafa. Wakati wote huo aliifokea. Aliiita mwizi, mchafu, mwana asiye na kwao. Watu waliomjua kwa adabu walitazama chini.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Kinindo, mtu wa ofisi, aliyekuja akiwa ameishika kompyuta ya mkononi imefunguliwa kama sahani ya supu. Sauti ilikuwa imemwambia usifunge. Basi hakuifunga. Alikuwa ameendesha gari kutoka ziwani mpaka Buyenzi huku kompyuta imekaa kiti cha pembeni, ameifunga mkanda, na yule mwanamke anazungumza njia nzima. Alituambia kwamba kwenye makutano ya barabara askari wa usalama alisogea dirishani, akasikia, akamsalimia mama aliye garini, kisha akaona hakuna mama. Askari alirudi nyuma. Bwana yule alikuwa na jasho kwenye kola. Madamu alimsalimia kirefu, akamuuliza habari za ziwa, na katikati ya salamu akanyoosha mkono mmoja akaubana mfuniko wa kompyuta ukafunga, pa.

"Umeona?" akamwambia. "Mashini iko, na we uko."

Yule bwana alicheka, lakini nilimwona akigusa kifua chake kuhakikisha.

Kinama nako kulikuwa na kikundi cha sala chenye kompyuta moja ya mezani, waliyochapia nyimbo zao. Sauti ilipotokea waliamua kukesha nayo. Walisali siku tatu wakizunguka meza, mashine ikiwa imewashwa, kwa sababu imesema usizime na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuizima. Siku ya tatu umeme wa mtaa ulikatika. Kimya. Mama mmoja aliniambia kwamba walilia kwa furaha, wakaimba. Umeme uliporudi waliiwasha, wakafungua mtandao, na mashine ikauliza kwa heshima kama wangependa kurudishiwa kurasa zilizokuwa wazi kabla. Wakabonyeza ndiyo, maana walikuwa na nyimbo zao humo. Mwanamke akaanza kusema, na hao wenye kuimba wakakimbilia nje mpaka kiatu kimoja kikabaki.

Nilimpelekea Madamu ile mashine nimeibeba kichwani, kwa miguu. Hakuwacheka. Alisema swali lile la kurudisha kurasa linawashinda wengi, na dawa yake ni kukataa, hata kama una kitu chako humo, utakitafuta baadaye. Kisha akanionyesha kazi ambayo wengi huisahau. Aliingia kwenye mipangilio ya programu ya mtandao, akafungua orodha ya tovuti zilizopewa ruhusa ya kutuma matangazo wakati wowote. Zilikuwa kumi na kitu, majina yasiyosomeka, na zote ziliingia kwa sababu mtu wa kikundi aliulizwa siku moja kama anakubali akabonyeza kukubali ili swali liondoke machoni pake. Akazifuta zote. Akaondoa na vile viongezo vidogo vilivyopachikwa kwenye programu hiyo, ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviweka. Aliniambia nikawaambie kwamba hakuna kilichovunja mlango, mlango waliufungua wenyewe kwa kukubali-kubali.

Mtu ambaye hakupona ni mzee karani.

Alikuwa amestaafu, mstaarabu, mwenye kofia na kalamu mfukoni, na alikuja kwetu kuchapisha barua zake ndefu. Nyumbani alikuwa na kompyuta aliyonunuliwa na watoto wake walioko nje. Sauti ilipomjia, aliandika namba kwa mwandiko wake mzuri na akapiga. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Mzee akamsalimia jinsi tunavyosalimiana huku kwetu, na hapo ndipo kosa lilipoingia, kosa ambalo sidhani kama lingefanywa na watu wa mji mwingine. Aliulizwa habari za nyumbani, akazitoa. Akataja mke wake na shinikizo lake la damu. Akataja watoto mmoja mmoja kwa majina, aliye wapi na anafanya nini, maana ukiulizwa watoto hawajambo huwezi kusema hawajambo ukanyamaza, inakuwa kama unaficha msiba. Kijana alisikiliza yote bila haraka. Huenda hakuwahi kupata mteja mtamu hivyo. Mwisho akamwomba mzee aandike herufi fulani na kubonyeza mahali fulani, na mzee akaandika.

Alipokuja kutuita alikuwa hana kofia. Tulikwenda naye mguu kwa mguu, nyumba ya tatu. Kompyuta ilikuwa mezani, kiti hakina mtu, na mshale ulikuwa unatembea wenyewe juu ya kioo. Sikuwahi kuona jambo lile. Ulikuwa unafungua folda za picha, moja baada ya nyingine, bila pupa, kama mgeni anayezungukia nyumba akitazama picha za ukutani. Ulisimama kwenye harusi ya binti wa mzee. Ulikaa pale. Simu ilikuwa kando, bado iko hewani, na ndani yake tulisikia mtu anapumua.

Madamu aliung'oa waya wa mtandao ukutani, ukatoka na kipande cha rangi. Mshale ukasimama. Kisha akaikata simu, akamtazama mzee kana kwamba amemkuta ameketi barabarani.

"Nilimusalimia tu, Madamu," mzee alisema. "Aliniuliza habari za watoto. Mutu anakuuliza habari za watoto, we unamukatia simu?"

Tuliiondoa ile programu waliyoingilia nayo, tukabadilisha maneno yote ya siri kutoka kwenye mashine nyingine, tukamwambia awajulishe watoto. Lakini wale watu walikuwa wameshachukua majina. Wiki iliyofuata mke wake alipigiwa simu na mtu aliyemwita kwa jina lake la utani, akamuuliza shinikizo linaendeleaje. Wiki nyingine binti yao huko aliko aliambiwa baba amelazwa, afanye haraka. Mzee aliacha kupokea simu, kisha akaacha kusalimia watu barabarani. Alikuwa anapita upande wa pili akiangalia viatu vyake. Hilo ndilo walilomwibia, na Madamu alilisema hivyo mbele yetu, akiwa amekasirika mpaka machozi.

Tangu hapo alitufundisha kukosa adabu. Nasema kweli, lilikuwa somo, siku ya Jumanne. Tulisimama wawili wawili, mmoja anapiga simu ya uongo kwa upole wote, mwingine anatakiwa amkatie katikati ya salamu. Hakuna aliyeweza mara ya kwanza. Mkono unakuwa mzito, unajikuta unasema asante kabla ya kukata. Msichana mmoja wa Kanyosha alilia. Madamu alirudia na sisi mpaka tukaweza, kisha kila mtu akaombana radhi na mwenzake.

Yeye mwenyewe hakufaulu somo lile hata siku moja. Simu yake ilipoita, namba ngeni au iliyojificha, aliacha kila kitu. Aliacha mteja, aliacha swala akiwa anafunga kilemba, akatoka nje kwenye kelele za nyundo na kidole sikioni. Aliyepiga kwa makosa alisalimiwa mpaka mwisho, akaulizwa anapiga kutoka wapi, akaombwa arudie jina. Akirudi ndani alikuwa anakunja simu kwenye ncha ya kanga yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sote tulijua anangoja nani.

Binti yake nilimjua kwa sauti kuliko kwa uso. Katika ile miaka yangu miwili ya mafunzo yeye ndiye aliyetusomea imla. Alisimama nyuma ya migongo yetu na kitabu, akasoma Kifaransa safi, na sisi tukachapa tukiwa tumefunikwa mikono, hatugeuki. Kugeuka kulikuwa rula. Kwa hiyo nina kumbukumbu ya gauni la kijani, ya harufu ya mafuta ya nazi, na ya sauti. Halafu akatokea wakala mmoja aliyetafuta vijana wanaosema Kifaransa vizuri, kwa kazi ya ofisini, kazi ya kusoma na kuzungumza kwenye simu, chumba chenye hewa baridi. Madamu alinitajia jina la nchi mara mbili, na mara ya pili lilikuwa nchi nyingine. Binti alipiga simu miezi michache. Alisema kazi ni nyingi. Alisema hawaruhusiwi kueleza. Kisha hakupiga tena, na wakala naye namba yake ikawa haipatikani.

Sauti ya kwenye mashine ilianza kuzagaa mjini kama mwaka mmoja baada ya hapo. Nilikuwepo siku Madamu alipoisikia mara ya kwanza, kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja wa sekondari. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini akasimama bila kusogea mpaka mwanamke akamaliza kusema yote na kuanza tena. Ndipo akachukua kanga. Kuanzia hapo ndivyo alivyofanya siku zote, aliiacha iseme mzunguko mmoja mzima kabla ya kuifunika. Mimi niliamini ni sehemu ya ufundi. Nikawafundisha na wengine: acheni izunguke mara moja, msome tabia yake. Nimelisema hilo mbele ya watu wengi kwa kujiamini kabisa.

Niliondoka kwake kufungua kazi yangu, na haukupita muda naye akafunga chumba. Macho yalikuwa yanaingia ukungu. Alihamia Kanyosha, kwenye nyumba ya mdogo wake, nyuma kuna shamba la maharage na mihogo. Nilimtembelea sikukuu hadi sikukuu, nikimpelekea sukari na habari za mafundi magari. Mwaka huu, mwezi wa mvua ndogo, alinipigia simu mwenyewe akaniomba nije Jumamosi mchana, watu wa nyumbani watakuwa wamekwenda harusini.

Nilimkuta amekaa chumbani, dirisha wazi, jua limeingia mpaka kitandani. Kompyuta moja aliyobaki nayo ilikuwa juu ya stuli. Kioo kilikuwa chekundu. Mwanamke alikuwa anazungumza, sauti Madamu ameipunguza mpaka inafanana na redio ya jirani. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi, na juu yake namba, imeandikwa kwa tarakimu kubwa za mtu asiyeona vizuri. Alinisalimia. Salamu zote, bila kuruka hata moja, na nyuma ya salamu yule mwingine anasema usizime, usizime. Nilijibu habari za Kinama nikiwa nasikia nywele za mkono zinasimama, mchana kweupe, jogoo wanawika shambani.

Nilidhani amesahau, kwamba uzee umemfikia. Nikanyoosha mkono kuizima. Alinishika kifundo cha mkono.

"We ulikuwa unaandika sauti ya mutoto wangu kila siku, miaka mbili," akasema. "Mi nimekuwa mama yake, masikio yangu inanidanganya. Sikiliza. Niambie kama njo yeye."

Nilimuuliza imewashwa tangu lini. Akasema tangu Jumatano. Nilimuuliza karatasi ni ya nini.

"Kama njo yeye, nitapiga. Nitawaomba wanipe yeye, ata dakika moja. Kama si yeye, funga."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilijua wakipokea simu ile watamkuta mama mwenye adabu kuliko mzee karani, mwenye jibu kwa kila salamu, aliye tayari kuwafungulia chochote wakimwambia binti yako yuko hapa. Wangemla mpaka mfupa. Nilijua pia kwamba karatasi ile ndiyo kitu pekee kilichomjia kutoka upande wa mtoto wake tangu simu zake zilipokoma.

Nikasikiliza. Mzunguko wa kwanza nilisikia Kifaransa safi. Wa pili nilisikia pahali anapovuta kidogo mwisho wa sentensi, nikataka kusema ndiye, kisha nikakumbuka kwamba watangazaji wote huvuta hivyo, na programu za kutengeneza sauti nazo huvuta. Wa tatu nilifumba macho nikautafuta ule uzi wa sauti nyuma ya mgongo wangu, gauni la kijani, imla, na sikuupata. Nilikuwa na gauni na mafuta ya nazi. Sauti yenyewe imenitoka kichwani. Nimechapa maelfu ya maneno ya yule msichana na leo, akinisemea sikioni, nisingemjua. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi.

Sikujua. Hilo ndilo lililokuwa jibu la kweli.

"Si yeye, Madamu," nikasema.

Hakulia. Aliuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Akaisikiliza mzunguko mwingine mzima, kisha akasema jambo ambalo bado liko nami ninapokula na ninapooga.

"Ni vizuri. Maana nilikuwa nawaza, mara ngapi nilimufunga kinywa mbele ya watu, na matusi juu."

Akaniachia mkono. Niliifunga ile mashine yote kwa utaratibu wake, nikakataa kurudisha kurasa, nikafuta ruhusa, nikaondoa viongezo. Sikuifokea. Alikuwa amegeukia dirishani, midomo inacheza, anasoma kitu chake. Alipoomba nimtupie karatasi jikoni nilisema nitaitupa njiani, nikaitia mfukoni.

Sikuitupa. Ilikaa mwezi mzima chini ya meza yangu ya kazi. Nilijiambia naihifadhi ili niwaonyeshe wateja namba hizi zinavyofanana, ambayo ni sababu nzuri, na hakuna mteja niliyemwonyesha. Jumatatu iliyopita saa nne asubuhi, duka limejaa mwanga na kelele za barabarani, niliipiga. Mimi, niliyekwisha kuwakataza nusu ya mji.

Alipokea mwanamume. Sauti changa, yenye adabu, Kifaransa cha darasani. Aliniuliza kompyuta yangu ina tatizo gani. Nikamwambia haina tatizo, naulizia msichana anayesoma ile sauti, nikamtaja jina na mji wetu. Nilitegemea atakata, au atacheka. Hakukata. Nyuma yake nilisikia chumba kikubwa, watu wengi wanazungumza kwa wakati mmoja kwa sauti za chini, kama shule inayorudia somo. Kisha akaongea karibu zaidi na simu, haraka, si kwa ile sauti ya kazi.

"Bwana, usikate. Ngoja kidogo."

Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, na hatua zinaondoka.

Najua wanavyofanya kazi. Najua kwamba kusubirisha mtu ni sehemu ya kazi, kwamba jina nimewapa mimi mwenyewe, na kwamba dakika tano baadaye angeweza kuja msichana yeyote akajibu kwa jina hilo. Nilifundishwa hilo na aliye bora kuliko wote. Nilisimama pale na simu sikioni, mteja ananingojea na chaja yake mkononi, nikawa nasikiliza kile chumba mpaka salio likaisha na laini ikakatika.

Nilimwomba mteja radhi, nikavuka barabara kununua salio jingine.